Wapigaji Wetu, Warushaji Wetu na Saruji ya Nyuma ya Maktaba

Ninajua kwamba ukiliona neno kriketi utataka kukimbilia ukurasa wa mashairi au ule wa vichekesho. Ngoja kidogo, bwana. Muhula uliopita, katika mjadala wetu wa Ijumaa jioni, nilisimama mbele ya chama nikasema kwamba Kenya iliwahi kuwashinda West Indies katika Kombe la Dunia. Ukumbi mzima ulicheka. Mwenzangu mmoja wa kidato cha pili akauliza, "West Indies gani? Wa kabumbu?" Nikaketi. Sikuwa na tarakimu mkononi, na katika mjadala mtu asiye na tarakimu ni sawa na mwindaji aliyesahau mkuki nyumbani. Leo ninazo.

Jambo la pili lililonifanya nichukue kalamu ni ule ukanda wa saruji ulio nyuma ya maktaba. Wengi wenu mnaujua kama mahali pa kuanikia magodoro na kuotea jua asubuhi za Julai, Nakuru inapotutia baridi ya mifupa. Tulitangaziwa kwenye gwaride kwamba utavunjwa ili basi la shule lipate mahali pa kuegeshwa. Hakuna aliyenung'unika. Nadhani hakuna aliyejua ni kitu gani. Ule si njia ya miguu iliyokosa kufika inakoenda, jamani! Ni kiwanja cha kriketi, au niseme kitovu cha kiwanja. Hapo ndipo mrushaji anaporushia na mpigaji anapopigia. Shule hii iliwahi kuwa na timu.

Mimi nimeyajua haya kwa sababu ya babu. Alifanya kazi miaka mingi ya kutunza uwanja katika klabu moja hapa mjini, akivuta rola, akimwagilia nyasi, akitandika mkeka juu ya saruji siku za mechi. Hakuruhusiwa kucheza hata siku moja, lakini aliutazama mchezo kuliko wengi waliokuwa wakicheza. Nilipomwambia kuhusu kicheko cha ukumbini alinitazama, akasema, "Mjukuu wangu, usiwalaumu. Wewe mwenyewe unajua kwa nini tulishinda?" Nikasema tulikuwa wazuri. Akasema, "Wazuri wa nini? Wa kupiga au wa kurusha?" Nikanyamaza. Swali hilo ndilo makala haya.

Kwa asiyeujua mchezo, nitaeleza haraka haraka. Timu moja inarusha mpira, nyingine inaupiga kwa gongo na kukimbia baina ya vijiti vya pande mbili ili ipate mikimbio. Mpigaji akitolewa, wiketi moja imeanguka. Zikianguka 10, zamu imekwisha. Mipira sita ni ova moja. Kuna mechi za ova 20, za ova 50 ambazo humalizika kwa siku moja, na kuna Testi, zile za siku tano, ambazo huchezwa na mataifa machache tu yaliyopewa hadhi hiyo. Kenya haijawahi kucheza Testi hata moja. Tulibisha hodi karibu na mwaka 2000, na mlango ulifunguliwa kwa Bangladesh.

Sasa niseme maoni yangu waziwazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Warushaji wetu wa enzi ile walikuwa bora kuliko dunia ilivyodhani. Wapigaji wetu walikuwa dhaifu kuliko sisi wenyewe tunavyopenda kukumbuka. Na ugonjwa wa pande zote mbili ulikuwa mmoja.

Nianze na siku yenyewe. Tarehe 29 Februari 1996, mji wa Pune, India. Kenya ilipiga kwanza ikatolewa yote kwa mikimbio 166. Hiyo si hesabu ya kujivunia kwa ova 50. Mpigaji wetu bora siku ile, Steve Tikolo, alipata 29. Hitesh Modi alipata 26. Thomas Odoyo, kijana wa miaka kumi na saba tu, alipata 24. Unajua nani aliyefunga mengi kuliko wote? Ni ziada! Mikimbio 37 tuliipata hivyo, mingi yake kwa makosa ya warushaji wa West Indies wenyewe, mipira iliyopita mbali au iliyorushwa kinyume cha sheria. Yaani ukitoa makosa ya mwenyeji wa karamu, mgeni alikuwa amekula kidogo sana.

Halafu wakaja warushaji wetu. Rajab Ali alimtoa nahodha Richie Richardson, kisha akampata Brian Lara, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa wapigaji duniani. Lara aligusa mpira ukaenda nyuma, na mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal, mwenye miwani na mwili wa kushiba, akaubana. Lara alikuwa amepata 8. Baadaye nahodha wetu Maurice Odumbe akaja na mipira yake ya polepole, akatoa watu watatu kwa mikimbio 15 tu katika ova zake 10. Aasif Karim akakaza upande wa pili. West Indies wote walitolewa kwa 93. Tofauti ikawa 73.

Ukiipima mechi hiyo kwa mizani utaona kwamba tulishinda kwa kurusha. Upigaji ulitupa tu kitu cha kulinda.

Na si siku hiyo peke yake. Nenda Nairobi Gymkhana, tarehe 24 Februari 2003. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, wanakutana na Kenya. Sisi tunapata 210, wiketi 9 zimeanguka, Kennedy Otieno akiwa na 60. Kijana Collins Obuya anapewa mpira. Huyu alirusha ile mipira inayogusa ardhi kisha inakata kona, kama matatu ya Kaptembwo iliyoona askari. Wapigaji watano wakaenda nyumbani kwa mikimbio 24, Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene wakiwamo. Sri Lanka 157. Siku chache baadaye Bangladesh wakaanguka kule Johannesburg, na tarehe 12 Machi Zimbabwe wakatolewa kwa 133 kule Bloemfontein, Martin Suji akichukua wiketi tatu. Tukaingia nusu fainali. Hakuna nchi nyingine isiyo na Testi iliyowahi kufika hapo katika Kombe la Dunia la ova 50. Ndiyo, New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama tukapewa pointi za bure, na mtu mwenye haki lazima aliseme hilo. Lakini Sri Lanka walikuja.

Mechi ninayoipenda kuliko zote lakini ni ile tuliyoshindwa. Durban, tarehe 15 Machi 2003, dhidi ya Australia waliokuwa hawashikiki. Aasif Karim alikuwa na umri wa miaka 39. Alikuwa amekwisha kustaafu akaombwa arudi. Ni mtu wa Mombasa aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi katika Kombe la Davis, na kwa wakati huo alikuwa mtu wa biashara. Alirusha ova nane na mipira miwili. Sita kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Akatoa mikimbio 7 kwa jumla na kuchukua wiketi tatu: Ricky Ponting, Darren Lehmann, Brad Hogg. Wapigaji wakali kuliko wote duniani walikuwa wakiutazama mpira wa mzee yule kama mwanafunzi anayeitazama karatasi ya hesabu. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi akawa Karim. Nimeitazama filamu yake kwenye intaneti mara nyingi, na kila mara mimi hungoja wamfanyie kitu, hawamfanyii.

Sasa sikia kasoro, maana mapenzi yasitufumbe macho. Warushaji wote niliowataja walikuwa wa polepole au wa kasi ya wastani. Walishinda kwa subira na kulenga. Hatukuwa na mrushaji wa kasi ya kutisha, yule ambaye mpigaji akimwona anaanza mbio zake kutoka mbali tumbo linamsokota. Odoyo alikuwa hodari, alikuwa wa kwanza kutoka nchi zisizo na Testi kufikisha wiketi 100 za mechi za siku moja, lakini hata yeye nguvu yake ilikuwa ujanja. Mrushaji wa ujanja akipata ardhi inayomsaidia ni simba. Akipata ardhi tambarare isiyo na msaada, ni mbuzi wa kafara. Wiki moja tu baada ya Pune, tarehe 6 Machi 1996, Sri Lanka walitupiga 398 kule Kandy. Mwaka 2007 kule Johannesburg, katika mechi ya ova 20, haohao Sri Lanka wakatupiga 260. Ova ishirini! Ni wastani wa mikimbio kumi na tatu kila ova.

Na subira yenyewe ikaja kuisha. Mwaka 2011 kule Hambantota tulicheza na Pakistan. Kumbuka zile ziada 37 za Pune zilizotubeba. Safari hii sisi ndio tulitoa ziada 46, na 37 kati yake ni mipira iliyorushwa nje kabisa ya mpigaji. Babu aliposikia alisema, "Hiyo si timu iliyoshindwa. Hiyo ni timu iliyoacha kufanya mazoezi." Sijui kama alikuwa na haki kusema hivyo. Lakini mpira wa nje haumhitaji adui.

Nije kwenye upigaji, ambako nitawaudhi wazee.

Hatukukosa wapigaji, hilo ni kweli. Tikolo alikuwa mpigaji wa kiwango cha dunia. Katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, dhidi ya India kule Cuttack, alipata 65. Kule Kandy, huku sisi tukizama, alipata 96. Katika fainali ya Kombe la ICC mwaka 1997 mjini Kuala Lumpur alipata 147 na bado Bangladesh wakatushinda kwa mpira wa mwisho. Katika maisha yake alipita mikimbio 3,000 katika mechi rasmi za siku moja. Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walifungua zamu dhidi ya Bangladesh hapa Nairobi Oktoba 1997 wakaongeza 225 kabla wiketi ya kwanza kuanguka. Otieno 144, Chudasama 122, daktari wa meno huyo. Odumbe alipata 83 kule Gwalior mwaka 1998 India walipoangushwa nyumbani kwao, na Ravi Shah 70. Mwaka 1999 Odumbe na Alpesh Vadher waliunga 161 kwa wiketi ya sita dhidi ya Sri Lanka.

Orodha nzuri, sivyo? Ndiyo hiyo inayotudanganya. Tunakumbuka siku za mavuno tunasahau miezi ya ukame. Tazama jinsi zamu zetu zilivyojengwa: mtu mmoja au wawili wanasimama, waliobaki wanapita kama abiria kwenye steji. Ilikuwa nyumba ya nguzo moja. Nguzo ikitikisika, vyombo vyote chini. Katika nusu fainali ya 2003 India walipata 270, sisi 179, na Tikolo peke yake alikuwa na 56. Mwaka 2011, dhidi ya Sri Lanka kule Colombo, ndugu wawili Collins na David Obuya walipata zaidi ya 50 kila mmoja. Timu nzima ilipata 142. Piga hesabu uone wengine tisa na ziada walileta nini nyumbani.

Na nani aliyetutoa siku hiyo? Lasith Malinga, mrushaji wa kasi, wiketi sita, tatu kati yake kwa mipira mitatu iliyofuatana. Na kule Durban kabla Karim hajashika mpira? Brett Lee, mrushaji wa kasi, watu watatu kwa mipira mitatu. Mpira mmoja ulimgonga Otieno kiwiko kisha ukaviringika kwenye vijiti, maskini. Na Chennai mwaka 2011, tulipotolewa na New Zealand kwa mikimbio 69? Warushaji wa kasi tena. New Zealand walimaliza kazi kwa ova nane bila kupoteza wiketi, watu wakarudi hotelini jua likiwa juu.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri. Tukisema "hatukuwa na warushaji wa kasi" na "wapigaji wetu waliogopa kasi", tunadhani tumetaja mambo mawili. Ni jambo moja. Mpigaji hujifunza kwa kurushiwa. Kama tangu utotoni hakuna aliyekurushia mpira unaoruka hadi usawa wa masikio, utakutana nao mara ya kwanza Durban mbele ya televisheni za dunia nzima, na aliyeushika ni Brett Lee. Huwezi kujifunza kuogelea kwenye beseni kisha ukatupwa Ziwa Naivasha.

Na kwa nini hatukuwa na warushaji wa kasi? Kwa sababu tulichagua kutoka chungu kidogo mno. Soma majina ya vikosi vyetu. David na Steve Tikolo, ndugu. Edward na Maurice Odumbe, ndugu. Martin na Tony Suji, ndugu. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya, ndugu watatu wa tumbo moja, tofauti ni majina tu. Baadaye Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem Ngoche, ndugu wanne! Ni jambo la kupendeza na mimi ninaliheshimu, lakini hebu fikiri: timu ya taifa ilitosha kuketi katika meza za chakula za nyumba chache za Nairobi, pamoja na vijana wa klabu za Wahindi waliorithi mchezo kwa baba zao. Nyumba hizo zilipozeeka hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Tikolo alikuwa akikaribia miaka arobaini kule India mwaka 2011, na bado tulikuwa tukimtazama yeye.

Najua mtakayosema. Mtasema ni pesa na viongozi. Ni kweli, na sitalificha. Mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo. Chama cha zamani kilivunjika na Cricket Kenya kikaanzishwa mwaka 2005. Collins Obuya alikwenda kucheza Uingereza baada ya 2003, akaumia goti, na urushaji wake ule wa maajabu ukafifia. Alirudi kama mpigaji, na kule Bangalore mwaka 2011 akabaki na 98 dhidi ya Australia, mikimbio miwili tu ya kufikisha mia. Lakini viongozi wabaya wapo kila mahali. India wana kashfa zao, Pakistan wana zao. Wao mtu mmoja akianguka, kuna mia wanaosubiri uani. Kwetu uani palikuwa patupu.

Kuna mechi moja ambayo watu hawaizungumzii, nayo ndiyo inayojibu swali la Testi. Oktoba 2005, Windhoek, fainali ya Kombe la Mabara, mchezo wa siku tatu wenye zamu mbili kila upande. Mpinzani wetu Ireland. Katika zamu ya kwanza Tikolo alipiga 177, Modi 106, tukafunga zamu wenyewe tukiwa na 401 kwa wiketi nne. Ni kama tulikuwa tumeshinda. Ireland wakafunga yao kwa 313, kwa makusudi, wakitutega. Zamu ya pili nguzo ilitikisika na tukatolewa kwa 156. Ireland wakatafuta 245 wakazipata, wiketi nne tu zimeanguka. Mechi ndefu haiulizi kama una mtu mmoja anayeweza kupata 177. Inauliza kama una watu saba wanaoweza kurudia kesho yake. Mwaka 2017 Ireland wakapewa hadhi ya Testi. Sisi mwaka 2014 tulikuwa tumekwisha kunyang'anywa hata ile ya mechi za siku moja, na mwaka 2018 kule Namibia tukashika mkia katika daraja la pili, nahodha akajiuzulu na kocha, ambaye alikuwa Odoyo yuleyule wa Pune, akajiuzulu naye.

Majirani zetu Uganda walicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Sisi tulitazama. Oktoba 2025 mjini Harare tulifika nusu fainali ya kufuzu ya Afrika tukapata 122 mbele ya Zimbabwe, na 65 kati ya hizo ni za Rakep Patel. Umeona? Miaka karibu thelathini, nguzo ni ileile moja, jina ndilo limebadilika.

Sasa turudi kwetu Bonde la Ufa. Kriketi haikupita mbali na hapa. Walowezi waliicheza; klabu yao ya zamani, ambayo leo ni Rift Valley Sports Club, iko katikati ya mji na uwanja wake mnauona mkienda sokoni. Wahindi wenye maduka waliicheza. Watoto wa Pembroke House kule Gilgil wanaicheza hadi leo. Sisi wengine tulikuwa upande wa pili wa ua, na babu alikuwa ndani ya ua lakini mkononi ana rola. Mchezo uliopandwa kwa walowezi na Wahindi haukupaliliwa kwa watu wa Langalanga, wala Njoro, wala Molo.

Na bado, ukiniuliza mrushaji wa kasi wa Kenya atatoka wapi, nitakuambia atatoka huku. Kurusha kwa kasi kunataka mtu mrefu, mwenye pumzi, mwenye bega, anayeweza kukimbia hatua ishirini akageuka akakimbia tena siku nzima. Nani hapa hajamwona mtu kama huyo? Darasani kwetu kuna wanne. Julius Yego wa Nandi alirusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, na sehemu kubwa ya ufundi aliuokota kwa kutazama video. Najua mkuki si mpira, na katika kriketi kiwiko hakiruhusiwi kukunjuliwa wakati wa kurusha, msije mkanisahihisha barazani. Ninachosema ni kwamba miili ipo na bidii ipo. Na wakipatikana vijana wawili wa Elburgon wanaorusha kama radi, wapigaji watajifunza kwa lazima, au watang'olewa meno.

Lakini lazima wawe na pa kurushia. Nyasi zetu zina mashimo ya fuko. Mpira ukitua hujui utakwenda kwa mama au kwa shangazi. Saruji haina hila hiyo. Mpira unaruka sawasawa na unaruka juu, na ndiyo maana babu anasema mpigaji aliyelelewa kwenye saruji haogopi mpira wa kifuani. Gharama yake? Gongo mbili, mipira michache, padi, kofia ngumu moja ya kupokezana. Mwalimu wetu mmoja amesema atatafuta vifaa vya mitumba. Vijiti tutachonga wenyewe kwenye karakana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nyuma ya maktaba na futi ya kamba niliyoazima idara ya kilimo. Nikaondoa magodoro mawili, wenyewe mnisamehe. Kipimo halali cha kutoka kijiti hadi kijiti ni mita 20.12. Nilipima mara mbili. Saruji yetu ina nafasi hiyo na hatua moja ya ziada kila mwisho. Kuna ufa mmoja karibu na upande wa maktaba, mwembamba, unazibika kwa ndoo moja ya saruji. Halafu nikaenda nikapima basi la shule lilipokuwa limeegeshwa karibu na lango. Lina mita 11 na kidogo. Pale kando ya lango, kati ya mti wa mkaratusi na kibanda cha mlinzi, kuna mita 16 ambazo hazina kazi yoyote isipokuwa kuku wa mlinzi. Nimechora ramani yake na kumpa naibu wa mwalimu mkuu. Amesema italetwa mbele ya halmashauri ya shule kabla ya likizo.